Sahani kwanza, ziwa baadaye



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa Bukavu, mwenzetu wa likelemba. Mtoto wake ana miezi 14 na angali ananyonya. Yeye mwenyewe ana mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe amemwambia kwamba maziwa ya mwanamke mwenye mimba yamekwisha kuharibika, kwamba yatamwendesha mtoto tumbo, na kwamba kabla ya juma kwisha lazima apake pilipili kwenye ziwa, halafu mtoto apelekwe kijijini kwa tate yake mpaka asahau. Mama anauliza: "Nimsikilize ao nimkatalie? Sitaki vita ndani ya nyumba."

Tunamjibu yeye, lakini tunajua kwamba wengi wenu mmekwisha kuambiwa maneno hayohayo, na wengine ndio huyasema kwa wakwe zao.

Maziwa ya mama mwenye mimba hayaharibiki. Yanabaki maziwa safi ya mtoto. Kinachobadilika ni kwamba kufikia mwezi wa nne ao wa tano wa mimba yanapungua, na ladha yake inageuka kidogo, kwa sababu matiti yanajitayarisha kwa yule anayekuja. Watoto wengine wakionja ile ladha mpya wanaacha wenyewe. Wengine hawajali hata kidogo. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha huku ana mimba. Ila akianza kutoka damu, ao tumbo likimkaza kwa nguvu kila mtoto anaponyonya, ao mimba iliyopita ilizaliwa kabla ya wakati, ao ana mapacha tumboni, basi aende kwanza kumwuliza muganga wa kituo cha afya. Na huyo mama lazima aongeze chakula chake mwenyewe, kwa sababu analisha watu watatu. Chakula kikiwa kidogo, wa kwanza kupungukiwa ni yeye.

Lakini msiharakishe kumcheka mama mkwe. Wazee wetu hawakuota. Waliona kweli, mara nyingi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mama yake alipata mimba, na baada ya miezi michache yule mtoto akavimba miguu, akalegea, akaacha kucheka. Walichoona ni cha kweli. Sababu waliyoitaja ndiyo haikuwa yenyewe. Mtoto yule hakuugua kwa kuwa alinyonya maziwa ya mimba. Aliugua kwa kuwa alikatishwa maziwa siku moja, na mahali pa maziwa akapewa bugali na maji ya sombe.

Ugonjwa huo kwetu Kivu tunauita bwaki. Hospitali ya watoto ya Lwiro, kule Kabare, imetibu wengi wa namna hiyo. Waganga wa dunia nzima wanauita kwashiorkor, na inafaa mjue neno hilo lilitoka wapi. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana. Mwaka 1933 aliandika juu ya watoto waliovimba na kubanduka ngozi. Jina kwashiorkor alilipata kwa wamama wa huko. Katika lugha ya Ga linataja ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapokuja. Wamama hao hawakuwa na maabara wala darubini, lakini walijua ugonjwa huu unampata nani na saa gani.

Kwa hiyo neno letu kwa mama aliyeuliza ni hili: usiondoe ziwa kabla sahani haijaweza kumbeba mtoto. Tarehe ya kukatisha haipangwi na mimba, wala na jirani. Inapangwa na kile mtoto anachokula.

Shirika la afya la dunia, OMS, pamoja na UNICEF, wanashauri mtoto anyonye tu, bila hata maji, mpaka miezi 6. Kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 ao zaidi. Wengi wanafikiri kwamba baada ya mwaka mmoja maziwa yamekuwa kama maji, ya kumtuliza mtoto tu. Sivyo. Kati ya miezi 12 na 24 maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto karibu theluthi moja ya nguvu anazohitaji kwa siku. Na akipata homa ao kuhara na kukataa kila kitu, mara nyingi ziwa ndilo kitu cha mwisho anachokubali. Sasa ukikata ziwa leo, ile theluthi moja nani atailipa?

Ni sahani. Basi tuiangalie hiyo sahani, maana hapo ndipo penye kazi.

Mtoto wa miezi 14 anahitaji kula mara 3 ao 4 kwa siku, na katikati apate kitu kidogo mara 1 ao 2: ndizi, kipande cha avoka, kiazi kitamu kilichochemshwa. Kila mlo uwe kati ya robo tatu na kikombe kizima cha mililita 250. Akiwa amekwisha kuacha ziwa, milo iwe 4 ao 5, na ukiweza kupata maziwa ya ng'ombe ao ya mbuzi yaliyochemshwa, kikombe 1 ao 2 kwa siku ni msaada mkubwa. Tunajua maziwa hayapatikani kila nyumba. Ndiyo sababu tunasema ziwa lisiharakishwe kwenda.

Tatizo kubwa la uji wetu ni maji. Mama anatia kijiko kimoja cha unga ndani ya sufuria nzima, mtoto anakunywa, tumbo linajaa kama ngoma, na baada ya saa moja analia tena. Uji wa mtoto wa mwaka mmoja unapaswa kukaa juu ya kijiko. Ukiinamisha kijiko na uji ukakimbia, umepika kinywaji.

Halafu uji wa muhogo ao wa mahindi peke yake haujengi mwili. Tia kitu ndani. Wengi wenu mnajua masoso: mahindi, soya na mtama. Sisi tunapima makopo mawili ya mahindi, moja la mtama, moja la soya. Soya lazima ikaangwe vizuri mpaka inukie kabla ya kwenda mashineni, kwani soya mbichi inasumbua tumbo la mtoto. Asiye na soya atwange karanga zilizokaangwa, atie kijiko kimoja ndani ya uji ukiwa unakaribia kuiva. Karanga zenye ukungu ao zilizogeuka rangi usimpe mtoto, hata kama ulizinunua kwa franka zako. Sumu ya ule ukungu haiondoki kwa moto wa jikoni. Wala usimpe karanga nzima mtoto mdogo hivi, zinaingia njia ya pumzi.

Na sambaza! Mungu ametuwekea dawa ya bwaki ndani ya maji, nasi tunawauzia wengine yote. Samaki hawa hawakuwa wa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo Ziwa Kivu nalo linanyonyesha watoto wetu. Chukua sambaza wakavu, ao ndagala kwa wale wa Uvira, waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga pamoja na vichwa na miiba, chekecha, weka ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya chakula cha mtoto, asubuhi na jioni. Kikombe kimoja cha ndagala wakavu, kikitumiwa kwa mtoto peke yake, kinakaa siku nyingi. Tumeona mama asiyeweza kununua nyama hata mara moja kwa mwezi akilea mtoto mwenye mashavu kwa njia hii.

Yai nalo. Bado kuna nyumba ambako wanasema mtoto akila yai atakuwa mwizi, ao atachelewa kusema. Wezi wote tunaowajua waliiba kwa sababu nyingine. Mpe yai.

Lenga-lenga, maboga, papai, maembe wakati wake, kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa: hivi vinalinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa. Sombe ni nzuri, mradi itwangwe na kuchemka muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kupika. Mtoto apewe majani yenyewe, yaliyolainika, si maji yake tu. Na kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya mawese juu ya chakula kinaongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa mlo. Tumbo la mtoto ni dogo, mnajua.

Sasa tufikie jambo ambalo vitabu vya afya hupita haraka. Wengi wetu tunatoka nyumbani saa kumi na moja za alfajiri, kwenda shambani, sokoni, ao kubeba mizigo. Mbabula inawashwa mara moja tu, jioni. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane. Kumwambia mama huyo apike mara 4 kwa siku ni kumtukana. Lakini kumwachia mtoto vitu vinavyoliwa bila moto inawezekana. Jioni, unapopika, tupia ndani ya sufuria viazi vitamu viwili vya kesho, na yai ndani ya ganda lake kama liko. Ndizi na avoka havihitaji kupikwa. Uji uliopikwa usiku usiuache wazi mpaka mchana. Ni hapo kuhara kunaanzia, si kwenye maziwa ya mimba. Kama uko na termosi, uji wa asubuhi unaingia humo. Na yule dada wa miaka minane afundishwe: osha mikono yako na ya mtoto kwa sabuni, ponda kiazi, kaa chini, mlishe kwa subira. Mtoto mdogo kumlisha mdogo wake si jambo la kufurahia, lakini ndivyo tunavyoishi, basi afundishwe vizuri. Kikundi chenye wamama kumi kinaweza pia kupanga zamu: mmoja anabaki na watoto, tisa wanatoka.

Mtoto awe na sahani yake. Hili tunalisema kwa nguvu. Kwenye sahani ya pamoja, wakubwa wanakula haraka, yeye anafika na mkono mdogo, anapata bugali bila mboga. Na wewe huwezi kujua amekula kiasi gani. Sahani ndogo ya plastiki, chakula chake kimewekwa humo, na mtu mmoja anayemtazama akila. Akikataa, usimkamate pua wala usimlazimishe. Ngoja, cheka naye, jaribu tena. Chakula kipya anaweza kukitema mara nane, mara kumi, halafu siku nyingine akakimaliza. Wengi hukata tamaa mara ya pili na kusema "huyu hapendi samaki".

Kile kinachoharibu njaa ya mtoto kuliko vyote kinatoka butiki ya jirani. Bombo la kumnyamazisha, biskwi, juisi ya unga wa rangi, chupa ya limonadi siku ya karamu. Mtoto aliyezoea bombo saa nne hataki uji saa sita. Chai nayo, hata yenye maziwa kidogo, si chakula cha mtoto, na inazuia mwili wake kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya mboga na maharagi. Wageni na wajomba wanapenda kuleta bombo. Mwambieni mjomba alete yai.

Sahani ikisimama hivyo, na mtoto anakula vizuri majuma matatu ao manne mfululizo, na uzito kwenye kadi ya CPS unapanda, hapo mama mwenye sababu ya kukatisha anaweza kuanza. Aanze polepole. Ondoa nyonyesho moja la mchana, lile ambalo mtoto halihitaji sana, na mahali pake mpe chakula kidogo na mchezo. Acha siku nne, tano. Ondoa la pili. Lile la usiku na lile la kulalia yawe ya mwisho. Asipoomba, usimpe, akiomba kwa machozi, usimnyime. Kazi yote inaweza kuchukua mwezi mmoja ao miwili. Usianze akiwa na homa, kuhara, surua, ao siku mlizohama nyumba. Akihara, rudisha maziwa, mpe maji ya ORS, endelea kumlisha, na uombe zinki kwenye kituo cha afya.

Pilipili hatuipendi. Inachoma midomo na macho ya mtoto, inachoma pia ziwa lenyewe, na inamfundisha kwamba mahali alipopata usalama pamegeuka moto. Kwinini iliyopondwa ni mbaya zaidi, kwa sababu ni dawa, na akimeza nyingi inamtia sumu.

Na kumpeleka kijijini kwa tate? Tate si adui. Lakini mtoto anapoteza ziwa, mama, kitanda na chakula alichozoea, vyote siku moja, na mara nyingi anafika mahali ambako chakula ni kigumu zaidi. Tunashauri tate aje yeye, akae nyumbani majuma mawili, amlaze mtoto usiku mgongoni mwake wakati mama anapumzika. Huo ndio msaada unaotakiwa. Na hapa mama aliyeuliza anaweza kupata njia ya kuzungumza na mama mkwe bila vita: "Mama, ulivyoona watoto wakiharibika ni kweli. Nisaidie wa kwetu asiharibike. Mimi nitapunguza polepole, wewe unisaidie na sahani yake." Mzee aliyepewa kazi ya heshima hapigani. Baba naye aambiwe wazi kwamba franka za ndagala na yai ni sehemu ya kukatisha ziwa.

Matiti yakijaa na kuuma wakati wa kupunguza, kamua kidogo, kiasi cha kupoza maumivu tu, na uweke kitambaa chenye maji baridi. Usijifunge kikwembe mpaka pumzi ikakatika. Ziwa likiwa jekundu, la moto, na mwili una homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mama mwenye virusi vya SIDA anayekunywa dawa zake kila siku, yeye apange muda wa kunyonyesha pamoja na muganga wake, asikatishe ghafla kwa kuogopa maneno ya watu.

Alama za bwaki mzijue kwa vidole vyenu. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, uondoe. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, ni ugonjwa mkali, usingoje siku ya CPS. Nywele zinageuka nyekundu na laini, ngozi inabanduka, mtoto ana huzuni, hataki kuchukuliwa wala kuachwa. Uso wake unaweza kuonekana mnene na watu wakasema ananenepa. Ule utepe wa rangi ambao reko anazungusha kwenye mkono unasaidia: nyekundu ni chini ya milimita 115, manjano ni kati ya 115 na 125, kijani ni kutoka 125 kwenda juu. Lakini mtoto aliyevimba anaweza kuangukia kijani na bado akawa katika hatari ya kufa. Miguu ikivimba, rangi ya utepe haisemi kitu.

Neno moja juu ya mimba zenyewe, kwani wengi wanashikwa hapa. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa njia inayoitwa MAMA, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na damu ya mwezi haijarudi. Sharti moja likianguka, ulinzi umekwisha. Mama wa mtoto wa miezi 10 anayesema "bado nanyonyesha, sina hofu" anajidanganya. Mimba inaweza kuingia hata kabla ya damu ya kwanza kurudi. OMS inashauri kungoja miezi 24 angalau baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine. Njia za kungoja ziko kwenye kituo cha afya, na mume anaweza kuja pia.

Na kama mama wetu atafika siku ya kuzaa huku mkubwa angali ananyonya, asiogope. Mtoto mchanga anyonye kwanza, kila mara, hasa yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Mkubwa anafuata, akiwa amekwisha kula sahani yake.

Juma lijalo tutajibu mama wa Uvira aliyeuliza juu ya mtoto wa miaka mitatu anayekula udongo. Wenye maswali mengine wayaandike kwenye kikaratasi na wampe katibu wa kikundi chao.